Nilimtoa Mke Wangu, Nikamchukua Mshale

Shangazi mpendwa, nisaidie kabla wiki mbili hizi hazijaisha, maana nimefanya jambo ambalo hata kulisimulia naona haya, nimesababisha mke wangu atolewe kwenye timu yake na yeye hajui kuwa ni mimi.

Kazi yangu ni kukagua mizani za madukani, na Jumamosi ninaandika takwimu za timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ya mtaani kwetu, nani kafunga, nani kadaka ribaundi, yaani ule mpira uliokosa kikapu ukarudi, nani kapoteza mpira, yote yanaingia kwenye daftari langu. Mke wangu alikuwa namba nne wa timu hiyo kwa miaka tisa, namba nne ndiye yule wa nguvu anayebanana na majitu chini ya kikapu, na siku za kazi yeye ni fundi wa makochi, sofa la watu watatu analigeuza peke yake, wapinzani wanamwita Ukuta na mimi nilidhani wanamtania kwa kuwa hana mbio.

Sasa timu ya upande wa pili wa mji walikuwa na namba nne wao, binti wa miaka ishirini na miwili, jina la uwanjani Mshale, akiruka unajiuliza atashuka lini, pointi kumi na saba kila mechi na ribaundi tisa, wakati mke wangu ana nane na tano, na ligi yetu katikati ya msimu inaruhusu timu kubadilishana wachezaji, basi kocha akaniita pembeni akasema, "Wewe ndiye mwenye daftari. Niambie ukweli, na usimwangalie mkeo usoni." Nikaona hapa ndipo watu watakaposema nambeba mke wangu, nikajikaza kiume nikajibu, "Daftari linasema Mshale." Wakabadilishana. Mke wangu alikunja jezi yake akaisukumia chini ya kabati, akaniuliza, "Hivi nani kamwambia kocha nimekwisha?" Nikasema sijui, nikaenda kuoga, na nilikuwa nimeshaoga.

Ningenyamaza mpaka leo kama tusingecheza na timu yake mpya Jumamosi ile. Daftari langu ni la wachezaji wetu tu, kwa hiyo yeye sikuwa na cha kumwandikia, nikabaki kumtazama, na shangazi, miaka tisa nimemwandika mwanamke yule sijawahi kumtazama. Anasimama tu, anatanguliza bega, beki wetu anagonga pale kama mtu aliyekutana na mlango uliofungwa, na nyuma yake mwenzake anarusha kwa raha zake, kuna kasichana kao ambako zamani kalikuwa hakafungi hata nne, siku hiyo kalifunga kumi na tisa! Mpira ukigonga ubao yeye hauparamii, anageuza mgongo, anawasogeza watu wawili nje, halafu anaugusa kwa ncha za vidole unamwangukia mwenzake mikononi. Nilisahau kuandika hadi kocha akanifokea, "Wewe, umelala?" Tulifungwa kwa tofauti ya pointi ishirini na moja, na Mshale wetu alifunga kumi na saba zake kama kawaida.

Nyumbani nikafungua madaftari ya zamani, nikafuata alama ninayoweka pembeni nisipokuwa na hakika. Kila mpira wenye utata, kaugusa yeye au mwenzake, nilimpa mwenzake. Kila mmoja. Niliogopa kuambiwa napendelea, nikamnyima mke wangu haki yake miaka tisa mfululizo, na mizani ya dukani ikiegemea hivyo mimi huifunga papo hapo. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, na kwake mdudu huyo ni mimi.

Juzi alikuwa anaweka barafu gotini, akaniuliza, "Jumamosi ile ulinihesabia ribaundi ngapi?" Nikasema kumi na moja. Akasema, "Kumbe ukikaa upande wa adui unaziona," akaendelea na barafu yake. Sasa kocha anataka niandike maombi arudi kwetu kabla dirisha la usajili halijafungwa mwisho wa wiki mbili hizi. Je, tulikosea kubadilishana? Niandike? Nimwambie, au nifukie yaishe? Ndoa yangu naipenda, shangazi.

Mkagua Mizani

*

Mkagua Mizani, pole nakupa, lakini ni moja tu.

Tuanze na timu, kwa kuwa ndilo jepesi. Kumpata Mshale si kosa, na binti wa watu msimlaumu, aliitwa kufunga na anafunga. Kosa lenu ni kudhani mtu wa kufunga anaweza kukaa mahali pa mtu wa kufungulia wengine njia. Mshale anajaza kurasa zake mwenyewe, mkeo alikuwa anajaza za wenzake. Mlibadilishana vibaya, basi.

Sasa wewe. Unaniambia hajui? Baba, amejua tangu siku ile ulipooga mara mbili! Swali la ribaundi si la hesabu. Alikufungulia mlango ili useme, nawe ukamtajia namba. Mficha uchi hazai, na wewe umejifunika mpaka kichwa.

Mimi mpira wa kikapu siujui, sikufichi, lakini barua yako ilinikosesha utulivu, nikaenda uwanjani kwenu Jumamosi hii iliyofuata. Nilitaka kumwuliza aliyeketi karibu nami, "Ukuta ni yupi?" Sikuuliza. Dakika tatu tu nilimjua, uwanja mzima ulikuwa unamzunguka, na nikajikuta nimeshika mdomo, mimi mtu mzima na mkoba wangu. Sijawahi kuona mtu anafanya kazi kubwa hivyo bila kugusa kitu.

Na wewe nilikuona, mwanamume pekee mwenye daftari, unasubiri timu yenu iingie baada yao. Mwishoni aligongwa akaanguka vibaya. Sote tulisimama. Wewe uliinama ukajifanya unaandika. Alipoinuka hakumwangalia kocha, alikutafuta wewe, akakutana na utosi wako.

Kwa hiyo sikiliza. Ukimaliza kusoma hapa, usimalizie chai. Nenda karakana kwake, sema mbele ya makochi yake, "Ni mimi niliyesema Mshale, na miaka tisa nilikunyima yako kwa kuogopa watu." Usiongeze "lakini". Akikurushia nyundo, inama, halafu usimame palepale. Maombi ya kocha usiyaandike. Mlimtoa bila kumwuliza, msimrudishe bila kumwuliza, akitaka kubaki huko anakoheshimika, abaki, na mkifungwa tena mfungwe.

Na mechi yake ijayo nenda ukae upande wa timu yake, watakaokuzomea wakuzomee. Daftari liache nyumbani. Mtazame. Akianguka, simama.