Hadassa Anatema Divai kwa Ndoo

Likasi, Kikula
Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025

Mpendwa mudogo wangu Augustin,

Jambo sana, weye na bibi yako Carmel na batoto. Namna gani afya? Ule mugongo ulipona? Sisi huku tunapumua kwa neema ya Mungu. Bwana yangu Numbi anakusalimia. Kukohoa kwake kwa vumbi ya machimbo ya mawe ya Kakontwe kumepungua kidogo. Mama yetu Émilienne anakusalimia, macho yamefifia lakini ulimi ungali mukali. Kijana wetu Ricky anakusalimia. Kitoto Orpa anakusalimia, ameota meno. Hata Germaine, jirani yangu, anasema nisimusahau.

Mupwa wako Hadassa hajui kama ninakuandikia. Ndiyo sababu sikutuma sauti kwa simu: simu ya nyumba anaishika yeye.

Augustin, niko na woga. Hadassa alipata kazi ya kuhudumia meza kwa restora mupya karibu na gare ya treni. Tulimushukuru Mungu, tukaimba. Sasa patron, mwenye restora, amemuambia Jumamosi bakubwa ba mine ya shaba watatoka Kakanda kuja kula, na mbele hawajafika, Hadassa aonje divai zote za karte, ile orodha wanayopewa wageni, aseme ipi nzuri na ipi ifutwe. Eti amechaguliwa juu pua yake inasikia vizuri, na si mulevi.

Weye unajua desturi yetu. Mwenye kutoa kinywaji ndiye anaonja kwanza, mugeni aone hakuna sumu. Sasa kama divai ni safi, kwa nini patron asionje mwenyewe? Kwa nini mutoto wangu?

Nilimuuliza, akacheka. Akasema wanapima ile karte kama inafaa: kama divai zinatoka inchi mbalimbali ama ni za pahali pamoja tu, kama iko nyepesi ya kula na samaki wa ziwa Tshangalele na nzito ya kula na mbuzi, kama chupa hazikukaa kwa jua zikaharibika. Tena moja nyekundu, bei yake ya juu kuliko zote, yeye aliinusa akakuta ni siki. Nikatulia kidogo. Kisha akasema: "Lakini simezi, mama. Ninatema kwa ndoo."

Roho yangu ikaruka. Muntu anatema nini, kama si sumu? Hata dawa chungu tunameza.

Numbi ananicheka, eti minye hata Fanta ya ndoa ninainusa kwanza. Pasta Hénoc naye anauliza kama kuonja ni zambi. Minye siulizi zambi, ninauliza uhai wa mutoto.

Weye umehudumia meza kwa hoteli ya Lusaka tangu zamani. Niambie kweli: hata kule wanaonja na kutema? Na wale wanaoonja, wako wazima?

Unisalimie Carmel sana, na Arsène, na kadogo Jessy. Mungu awafunike kwa mukono wake, mulango wenu usijue kilio.

Jean-Luc, dereva wa kamio ya mizigo, atakupa barua hii mukononi. Ukiisha kusoma, usikae. Piga kwa simu ya Germaine mbele ya Jumamosi. Nisiposikia sauti yako, nitafunga kitambaa changu cha kanisa nifike kule jikoni kwa restora. Tangu nibatizwe sijagusa pombe. Lakini Hadassa ni minye nilimuleta duniani. Basi ni minye nitaonja kwanza.

Yaya yako, dada mukubwa asiyechoka kukupenda,
Philomène