Mguu wa Kushoto Nyuma ya Mlango Wetu

Likasi, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa sita

Mpendwa yaya, dada yangu mkubwa,

Leo nitakuambia yote, hata yale uliyokataa kuyasikia siku ulipofunga begi lako. Simu zetu huzipokei, na mama amesema tusikusumbue tena. Barua haipigi kelele. Unaweza kuiweka mahali, ukaifungua siku utakayoweza. Mama Chantal, yule wa samaki wakavu pale soko la Kikula, Jumanne anakwenda huko uliko, Kolwezi, na amekubali kuibeba.

Nianze na mlango wa chumba chetu. Umerudishwa kwenye bawaba zake.

Unakumbuka siku baba alipoung'oa? Klabu yetu ya kulenga shabaha ilikuwa na bastola za upepo na vibao vya chuma vya kuangusha, lakini haikuwa na kizuizi hata kimoja. Papa Hilaire, mwalimu wetu, alisema kwenye mashindano ya Lubumbashi mtalenga mkiwa nyuma ya vizuizi, mkichungulia kulia na kushoto. Baba alikuwa ametoka zamu ya ulinzi huko Kakanda na hakuvua hata viatu. Alichukua bisibisi, akatoa mlango, akaubeba kichwani kuelekea hangari la klabu. Mama alimfuata mpaka barabarani.

"Na batoto batalala namna gani?"

"Batalala na rido. Baridi haiko."

Baridi ilikuwepo, yaya. Ilikuwa mwezi kama huu. Tulitundika pazia pale mlangoni, tukalala kitanda kimoja, miguu yetu ndani ya koti la kazi la baba.

Papa Hilaire aliusimamisha mlango katikati ya hangari, akaukaza kwa mbao, akapigilia ubao mwembamba chini kuonyesha mstari ambao mguu hauruhusiwi kuuvuka. Kitasa kilibaki. Wewe ulitaka kitolewe kwa sababu kilinasa mikono ya nguo. Baba alikataa kabisa.

"Hii ni mulango ya nyumba. Siku moja itarudia. Sasa tutaifungua na nini?"

Kitasa hicho ndicho kilichoniharibu. Nilikuwa mdogo, bastola ilikuwa nzito, na kila nilipofika upande wa kushoto mkono wangu ulikwenda wenyewe kukishika. Nilibaki na mkono mmoja kwenye bastola, na risasi zikaenda zinakotaka.

"Nadine, achana na ile kitasa," ulisema nyuma yangu. "Uko unaingia wapi?"

"Apige hodi kwanza," Papa Hilaire akasema, na hangari zima likacheka.

Nililia kidogo. Hukunibembeleza. Ulinishika mkanda wa sketi ukanivuta nyuma, mpaka nikinyoosha mikono yote miwili bastola haiugusi mlango. Ukaniambia nijitokeze kwa nyonga na goti, nisinyooshe shingo kama kuku. Nilipokuwa nimeubana mlango, ncha ya bastola iligonga mbao na sikuona mbele yangu ila kibao kimoja. Niliporudi nyuma, mikono ikawa huru, na vibao vikaanza kujitokeza kimoja baada ya kingine kadiri nilivyoegemea, bila mimi kuvikimbilia. "Muntu mwenye anaogopa njo anakumbatia barikade," uliniambia. Na baba, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo akitutazama, akaongeza lake: "Ile haiko mama yako. Uiache."

Upande wa kulia niliujua haraka. Wa kushoto haujaniingia mpaka leo. Nalenga kwa mkono wa kulia na jicho la kulia, kwa hiyo lazima nitoke zaidi, na mwili unataka kuanguka. Wewe ulikuwa ukitoka upande ule kama mtu anayechungulia nani amefika, ukatulia, ukamaliza, ukarudi. Sisi sote tulikuwa tukitazama vibao vinavyoanguka. Hakuna aliyetazama miguu yako, ila baba.

Sasa lile uliloziba masikio usilisikie.

Siku ile ya kwenda Lubumbashi kifua cha baba kilikuwa kibaya, nawe ulitaka kubaki. Yeye ndiye aliyekufukuza. "Enda. Minye niko na mama na Nadine." Kesho yake mchana mama alitoka kwenda kutafuta dawa, nikakaa naye peke yangu. Hakulalamika. Hakusema laiti ungekuwapo. Aliuliza ni saa ngapi, nikamwambia, akatazama dari.

"Saa hii yaya yako iko ku barikade."

Akaniomba nisimame mlangoni, pale penye pazia, nimwonyeshe unavyosimama. Nilichukua rimoti ya televisheni iwe bastola. Nikafanya upande wa kulia, akatikisa kichwa kukubali. Nikafanya wa kushoto, nikaegemea, nikayumba, pazia likaniangukia usoni. Alicheka mpaka akakohoa. Nikamwinua, nikamnywesha maji.

"Hapana vile, mutoto. Muguu ya kushoto haiko vile."

"Iko namna gani, baba?"

"Utauliza yaya yako. Akirudia atakuonyesha."

Akafumba macho, bado ana tabasamu. Mama alirudi, tukakaa naye pande mbili za kitanda. Alikufa jioni ile, mama ameshika mkono wake.

Hayo ndiyo yote. Ulirudi na medali umeifunga ndani ya soksi, hukuionyesha mtu. Nilikusikia ukimwambia mama, "Baba alikuwa anakufa, na minye niko naangusha vyuma." Yaya, alijua uko wapi na unafanya nini. Alitaka iwe hivyo. Mchana wake wa mwisho aliutumia kukutazama wewe kupitia kwangu, ingawa nilikuwa mfano mbaya.

Kwenye kilio wanaume wa klabu waliuleta mlango juu ya mkokoteni, wakaulaza juu ya mapipa mawili uwe meza. Akina mama wakapanga masinia ya bukari na mboga juu yake. Ulikaa chini ukaupa mgongo mpaka watu walipotawanyika. Ulipoondoka, mama alimwita seremala. Mlango una vishimo vidogo vya risasi karibu na ukingo, na ukiufunga unalia kidogo, lakini kitasa kinafanya kazi, kama baba alivyotaka. Tatizo ni kwamba nikiufunga chumba kinakuwa kikubwa mno.

Klabu imetengeneza kizuizi kingine cha mbao. Hakina kitasa. Alhamisi iliyopita, nikiwa upande wa kushoto, mkono wangu ulitoka kwenye bastola ukaenda kukitafuta. Ulipapasa ubao mtupu. Niliiweka bastola mezani kama tulivyofundishwa, nikatoka nje, nikakaa juu ya ile ndoo. Papa Hilaire alinifuata.

"Ni kitasa, ao ni baba?"

"Ni vyote."

Akakaa chini kwenye vumbi pembeni yangu, mzee mzima, mpaka nilipokuwa tayari kurudi ndani. Safari hii hakuna aliyecheka.

Likizo ikianza nitashindana Lubumbashi, mahali pako. Nimemwambia Papa Hilaire nitakwenda, ingawa ule upande bado unanishinda. Mitihani inaendelea vizuri, na mama ameanza tena kula, kidogo kidogo. Amenikataza kukuomba urudi, kwa hiyo sikuombi. Nimetandika tu blanketi la bluu kwenye kitanda chako, kwa sababu ni baridi.

Msalimie shangazi. Mungu akulinde huko uliko, na akuondolee ule mzigo, kwa sababu aliyekuachia siye baba. Mama Chantal atapita kwenu Ijumaa asubuhi kabla ya kupanda gari la kurudi. Mstari mmoja unatosha, hata mchoro wa nyayo mbili tu. Baba aliniambia nikuulize wewe, na sina mwingine wa kumuuliza: ukiwa upande wa kushoto wa kizuizi, yaya, mguu wa kushoto unauweka wapi?

Mdogo wako,
Nadine