Lorraine Kwenye Friji Yangu

Jumamosi, 14 Mei 2011

Wiki mbili tangu harusi! Mume wangu. Naandika tena – mume wangu! Basi lake nililiona toka dirishani likija kwa barabara ya Don Mills, moyo ukaruka. Akaingia na harufu ya mkate wa kiwandani kwao. Akayasifu mapazia niliyoshona. Kisha akafungua kitabu alichoazima maktaba: maisha ya Mmarekani mmoja, Lorraine Haskett, aliyeanza kushona mito jikoni kwake Ohio, sasa ana viwanda kumi na vitatu. Hakuinua macho mpaka chai ikapoa.

Jumanne, 17 Mei

"Lorraine anasema" – mara sita leo! Lorraine anasema tuamke saa kumi na moja. Lorraine haweki sukari. Zamani (wiki jana!) mume wangu Cyriaque alinishika mkono tukingoja lifti. Sasa anasoma amesimama. Tena katoa kopi ya picha ya Lorraine, kaibandika kwenye friji juu ya picha yetu ya harusi. Juu! Meno meupe mno.

Nikamweleza wifi Médiatrice, dada yake, wa ghorofa ya nne. Kacheka mpaka kashika ukuta. Eti, wifi, unamwonea wivu bibi wa miaka sabini na moja? Nikamjibu: huyo bibi analala kitandani kwangu, katikati yetu!

Jumamosi, 21 Mei

Kitabu kinatakiwa kurudi maktaba Jumatano. Nimekuwa nikihesabu siku. Leo anasema ataongeza wiki tatu, inaruhusiwa, isipokuwa kama kuna mtu mwingine anakisubiri.

Na mimi nina kadi ya maktaba. Mpya, yenye jina la mume wangu mwishoni! Nimekwenda. Nimejiandikisha kukisubiri. Mungu anisamehe.

Jumatano, 25 Mei

Amekirudisha. Uso kama katoka msibani. "Mpenzi, ni nani huyo, mtaa wetu mzima wa Flemingdon, anayemtaka Lorraine wangu?"

Wangu! Nikakoroga uji. Lakini jioni alinishika mkono. Ah!

Jumamosi, 28 Mei

Nimekichukua, kiko kwenye mkoba wangu. Nilitaka ukurasa mmoja tu, nimjue adui. Na kamusi pembeni. Kumbe aliacha shule akiwa na miaka kumi na saba. Benki zilimkatalia mara tatu. Ukurasa mmoja umekuwa thelathini.

Jumatano, 1 Juni

Mume wa Lorraine, Earl, alikula chakula baridi miaka tisa bila kununa. Nimelia ndani ya basi. Jioni Cyriaque akaanza, Lorraine anasema mto wa kwanza aliujaza pamba – nikamkatiza: manyoya! Akanitazama. Nikasema, si ulinisimulia wewe?

Lakini yeye anajua nini kuhusu kushona? Mapazia haya nani kayashona?

Jumamosi, 4 Juni

Sasa Cyriaque ndiye anayekisubiri. Kajiandikisha. Bado kurasa arobaini na mbili – Lorraine ndiyo kwanza anamfukuza mshirika wake! Simpi. Amekuwa naye karibu wiki mbili, zamu yangu.

Anakwenda maktaba kuuliza tena. Ananiomba nimsindikize. Nimesema nasuka nywele. Mvua imeanza. Anauliza mwavuli uko wapi. Uko kwenye mkoba wangu, chini ya Lorraine. Mkoba uko mlangoni. Nimesema sijui.

"Si huu hapa, mke wangu, mpini unaonekana!"

Anafungua zipu –