Madaftari Manne, Jumamosi Moja

Jumatatu, 3 Juni

Nimemaliza riwaya ya mpelelezi! Kurasa kumi za mwisho nimezisoma nimesimama jikoni, chai ikachemka, ikamwagika, ikazima jiko. Muuaji ni mpishi. Nilimshuku tangu sura ya pili, lakini nimeruka kwa furaha kama niliyeshtukizwa. Hapo hapo nikafungua daftari la bluu: riwaya ya arobaini na moja, nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu mpelelezi hacheki hata mara moja. Mtu asiyecheka atajuaje siri za watu?

Daftari la bluu ni la riwaya. La kijani, kwaya. Jeusi, drafti. Jekundu ni la mchezo wa redio, na kwa kweli ni la Mama. Mimi karani tu. Halafu hili lililochanika jalada, ambalo halina kazi maalumu, humu nasimulia tu.

Mama kaniona nayapanga mezani. Kasema mshika mbili moja humponyoka. Nikamwambia mimi nimeshika nne. Kacheka hadi kakohoa, kisha kasema basi nijiandae kuokota.

Aniache! Kuna watu wana miaka thelathini na sita kama mimi na ukiwauliza wanapenda nini wanatazama dari. Mimi napenda drafti, napenda mauaji ya kwenye vitabu, napenda filamu za mateke, napenda nyimbo za kulia. Siku ndiyo fupi.

Jumanne, 4 Juni

Kazini raha tupu. Fundi amekuja kubadilisha mkanda wa mashine yangu ya kusagia lenzi. Sasa inazunguka kama mpya. Kabla ya saa sita nilikuwa nimemaliza jozi tisa za miwani na nimeimba ubeti wangu mara ishirini. Mteja mmoja kamuuliza Bosi hiyo redio anauza bei gani. Heh!

Ubeti WANGU. Niandike tena niamini. Kwaya inakwenda kurekodi redioni, na Mwalimu amenipa mimi kuanzisha: mistari minane peke yangu kabla wenzangu hawajaingia. Miaka sita nimesimama safu ya nyuma nikitazama kisogo cha mama mmoja mrefu. Kile kisogo nakijua kuliko uso wangu.

Jioni nikapita kwa jirani, Mzee Breki. Aliendesha lori miaka thelathini, na jina limemganda kwa sababu hata kwenye drafti, kabla ya kusogeza kete, anasimama kwanza, anatazama kulia, anatazama kushoto. Unaweza kunywa chai ukamaliza. Lakini tumeingia fainali! Tunacheza wawili wawili: mimi mchezo wa kwanza, yeye wa pili, pointi zinajumlishwa. Mmoja asipofika, wote mmetoka. Wapinzani ni ndugu wawili wenye bucha, na wana mikono mizito hiyo, kila kete wanayoiweka ubao unaruka.

Breki ana miaka sitini na minane na hajawahi kufika fainali ya kitu chochote. Shati keshalipiga pasi. Limetundikwa mlangoni, kila mgeni analipita kwa kuinama.

Jumatano, 5 Juni

Aibu mbili kwa siku moja. Naanza na ndogo.

Chumba chetu cha mazoezi hakina kinanda, kilikufa zamani, kwa hiyo sauti ya kuanzia huwa naitoa mimi. Wote wanaamini nina sikio la ajabu. Siri ni mashine ya lenzi! Inavuma noti ileile kutwa nzima, jioni naibeba kichwani naipeleka kwaya. Leo nimeitoa kama kawaida. Kufika kibwagizo, akina dada wa sauti ya kwanza mishipa imewatoka shingoni. Mmoja ameketi chini kabisa, amegoma. Mkanda mpya! Mashine imepanda, na mimi nimepanda nayo, na kwaya nzima nimeipandisha.

Nilipoeleza, watu walicheka wakashikana mabega. Mwalimu hakucheka. Yeye ni mtu wa saa. Saa yake anaitazama kama mgonjwa anavyotazama dawa. Akauliza tu: Jumamosi saa nne kamili, kila mtu yuko huru? Nikajibu kwa sauti kuliko wote. Niko huru! Nikaandika kwenye la kijani.

Sasa aibu kubwa. Nimerudi nyumbani, nikafungua daftari jeusi nimwandikie Breki mbinu moja. Ukurasa wa mbele, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nimepigia mistari miwili: FAINALI. Jumamosi tarehe 8. Saa nne asubuhi.

Wiki tatu nzima imeandikwa humo! Kila daftari lina kalenda yake nimeichora mwenyewe kwa rula, nzuri, safi, na hakuna hata siku moja niliyozifungua zote pamoja. Mtu mwingine angesahau. Mimi sikusahau kitu. Niliandika vyote.



Alhamisi, 6 Juni

Nimempigia Mwalimu wakati wa chai. Kasema, dada, studio tumeiomba miezi mitano, siwezi kuisogeza na siwezi kukuchagulia. Usipofika, ubeti nampa mwenzako, na atakuwa nao moja kwa moja. Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali.

Nikamfuata mwamuzi wa drafti dukani kwake. Naye ndiyo hivyo: saa ya fainali imetangazwa, haibadilishwi kwa mtu mmoja.

Kazini nimeweka lenzi ya jicho la kulia upande wa kushoto. Bosi kajaribu, kaniambia ukuta umemsogelea.

Saa kumi na mbili mchezo wa redio. Mama ana ugomvi na yule daktari wa uongo anayetaka kumwoa mjane. Anamsuta kwa kidole, redio imetulia tu inasikiliza. Nilitakiwa kuandika waliyoyasema. Nimeandika mistari miwili. Mama kazima redio katikati. Katikati! Hajawahi. Nikamwambia yote.

Nilitegemea anikumbushe mshika mbili. Hakunikumbusha. Aliuliza, ukifumba macho unajiona wapi? Nikasema mbele ya kipaza sauti. Na nikiyafumbua namwona Breki na shati lake. Mama akasema, basi kamwambie mapema, asije akakaa kwenye ubao anakungoja.

Ninachoogopa nakiandika hapa tu. Naogopa methali ya Mama ni kweli. Kwamba mimi ni wa kuanza tu, wa kupenda kila kitu, na siku mtu akiniegemea namwangusha.

Ijumaa, 7 Juni

Nimemwambia.

Alikuwa anafuta kete kwa kitambaa, mojamoja. Nimeongea haraka, nimeomba radhi mara tatu nne. Hakuuliza kwa nini. Alimaliza kufuta zote ishirini na nne, akasema: sawa, mwanangu. Kaimbe. Kisha akauliza redio yenyewe ni jengo lipi, na tunaingia saa ngapi. Nikamweleza, ghorofa ya pili, saa nne. Nikadhani anataka kujua lini afungulie redio yake.

Kutoka mlangoni kwake hadi kwetu ni hatua ishirini. Nimelia zote ishirini.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika kwenye korido ya redio, daftari juu ya goti, kwa sababu mpinzani wangu anafikiri.

Ndiyo! Mpinzani! Niseme haraka haraka.

Kwaya tumefika saa tatu na nusu, sare zimenyooka. Fundi mitambo akatuambia tungoje, waliotutangulia studio hawajamaliza. Mwalimu akaanza kutembea huku na huku. Nami nimekaa kwenye benchi, kichwani nasikia kete. Saa nne kasoro dakika tano, viatu kwenye ngazi. Vingi. Breki, ndani ya shati lake! Ubao kwapani. Nyuma yake ndugu wa bucha, wote wawili, na mwamuzi anahema na kombe kwenye mfuko wa plastiki.

Kumbe jana nilipotoka alikwenda buchani. Akawauliza, mnataka kombe la kumshinda mzee aliyekaa peke yake? Kaka mtu akajibu, kushinda bila kucheza ni kumfungia mteja mifupa, yeye biashara hiyo hafanyi. Mwamuzi wakamtoa dukani jioni hiyo hiyo. Alichotangaza ni saa, si chumba. Saa haijaguswa!

Saa nne kamili tumeweka ubao juu ya benchi. Nimemwambia Breki, Mzee, samahani. Kasema nyamaza, mwanangu, unapoteza muda wa watu. Ana furaha! Anaiona mpaka fundi mitambo. Ningeweza kupasuka hapa hapa nilipokaa.

Kwaya imetuzunguka. Yule mama mrefu yuko mbele yangu, na leo namwona uso. Mzuri sana.

Mimi nina kingi mmoja na kete mbili. Mdogo mtu wa bucha ana kete nne. Akisogeza ya pembeni nimekwisha. Akisogeza ya katikati namtolea moja ale, kisha nakula tatu.

Mlango wa studio umefunguliwa. Fundi mitambo kasema, kwaya, ingieni, nikifunga nimefunga, taa nyekundu ikiwaka haingii mtu. Wanaingia mmoja mmoja, vichwa vimegeukia kwetu. Sheria ya drafti nayo: ukiuacha ubao, umeshindwa.

Breki haniangalii. Anatazama kulia, anatazama kushoto.

Wote wamekwisha kuingia. Amebaki Mwalimu. Katazama saa. Katazama ubao, muda mrefu. Kaivua saa, kaitia mfukoni, kisha kaweka mguu mlangoni. Fundi mitambo anamwambia autoe, dakika zinakwenda. Hautoi. Ananiambia mimi: cheza vizuri, dada. Usiharakishe.

Mkono wa bucha umenyanyuka. Anashusha — ya katikati! Kalamu chini, nakula tatu, kisha mbio mlangoni kwa Mwalimu!