Chumvi ya Mama Mkwe

Jumanne, 6 Mei
Ukungu mpaka saa tano. Magari yote yanayovuka mlima yalisimama kwenye mgahawa wetu, hata viti havikutosha. Supu ya viazi na jibini ya moshi imekwisha kabla ya adhuhuri! Kati ya wageni, mwandishi mmoja — anatunga kitabu cha wasafiri, kila bonde na chakula chake. Kala mabakuli mawili, kauliza nani kapika. Mume wangu akamsukuma mama yake mbele kama bibi harusi. Mwandishi atarudi Jumatano ijayo na kamera, amwone Mama akipika mwanzo hadi mwisho.
Nyumba nzima shangwe. Mimi nahesabu siku.

Ijumaa, 9 Mei
Hili sijawahi kuliandika. Tangu ile homa ya mwaka jana, Mama hasikii ladha wala harufu. Hajasema. Nilimwona akinywa maziwa yaliyochacha, kikombe kizima, akashukuru! Chumvi anatia kwa mazoea ya mkono, na mkono nao siku hizi unapitiliza. Akitoka kuwatazama mbuzi, naonja haraka. Naongeza maji, naongeza viazi. Mwaka mzima sasa.
Mume wangu hajui. Kumwambia ni kama kumvua mama yake nguo hadharani.

Jumapili, 11 Mei
Wifi kapiga simu kutoka mjini. Mama asipigwe picha na ile aproni yenye tundu, tafadhali! Hilo ndilo linalomkosesha usingizi.
Nikajipa moyo: "Mama, siku hiyo nikae karibu nikusaidie?" Akasema jiko moja halitaki mafundi wawili. Nikarudi kumenya viazi.

Jumatano, 14 Mei
Naandika stoo, nimekalia gunia la viazi. Wako jikoni, upande wa pili wa ukuta.
Mama kapika mwenyewe, anaeleza kila hatua mpaka nikasikia raha. Kisha chumvi. Konzi moja. Ya pili. Ya tatu! Nikauma mdomo. Akachota, akameza, akasema tamu. Mwandishi akanyoosha bakuli.
"Ngoja kwanza," Mama akamwambia. Akanigeukia, mbele ya kamera, mbele ya mwanawe:
"Mwanangu, njoo uitengeneze kama kila siku."
Kama kila siku! Kumbe alijua. Tangu lini? Na mimi nikinyata kama mwizi wa kuku!
Mume wangu akanitazama, akamtazama mama yake. Nikasema nafuata viazi — nikakimbia. Naandika mbiombio, mwandiko wenyewe huu hausomeki.
Nasikia mwandishi akiuliza kitu kwa sauti ya chini. Mama anamjibu bila kuficha: yeye na kuonja waliachana zamani, mwenye ulimi ni mkwe wake. Sasa ananiita.
"We mwanangu! Hivyo viazi unavichimba?"
Mwandishi anacheka. Mume wangu simsikii kabisa. Kuna hatua zinakuja huku stoo, na si za Mama. Ni za mume wangu —