Maji ya Wasichana Watatu

Mwanangu Abasi,

Barua hii haina bahasha. Dereva wa lori atakayeileta huko Yei ni mtu wa kufungua kila kitu, na watu wa mpakani wataisoma hata nikiishona kwa uzi. Basi wasome. Waone kwamba mama yako aliyeishia darasa la tano anaandika mstari ukanyooka.

Ujumbe wako umefika. Unasema miguu ya mama mkwe wako haimbebi tena na Poni hataki kumwacha, lakini wewe roho inakuuma kwa sababu niko peke yangu hapa Awindiri. Unaniuliza, mrudi huku Arua au mkae huko? Neno la mwisho umeniachia mimi, kama mtoto aliyelelewa vizuri. Nitakujibu. Ila kwanza kuna jambo sijawahi kukuambia kwa kinywa, na bila hilo jibu langu hutalielewa.

Wewe ulikuwa mtoto mzuri. Nisiposema mimi, atasema nani? Mwaka ule wa sabini na tisa vita ilipotukimbiza kutoka Koboko ulikuwa mgongoni mwangu, una miaka miwili, mzito kama gunia la muhogo, na wanawake waliokuwa wakilia njiani walinyamaza kidogo ili wakushike mashavu. Kule Zaire ulikula Kiswahili pamoja na sombe, yale majani yao ya muhogo. Tuliporudi ulikuwa na lugha tano mdomoni, na hizo ndizo zilizokupa kiti kwenye kibanda cha video: wewe na kipaza sauti kando ya televisheni, filamu inasema yake, nawe unawaambia watu kwa Kiswahili chetu. Nilikuwa nikipita hapo nje bila haja yoyote, nisikie tu watu wakicheka, halafu nimwambie aliye karibu, "Huyo anayewachekesha nimemzaa mimi."

Ulikuwa na miaka kumi na saba wasichana walipoanza kuniletea maji. Unajua mambo ya kwetu. Msichana hamwambii kijana kitu. Anamwendea mama yake, anachota maji, anapiga magoti, anasalimu, anaondoka. Mama akiyapokea siku baada ya siku, amemkubali. Na mama mwenye akili akishapokea ya mmoja, wengine huwaambia kwa upole kwamba mtungi umejaa.

Mimi sikumwambia mtu kwamba mtungi umejaa. Alikuja Candiru wa Pajulu, nikapokea. Akaja Zainabu, binti wa muuza nyama, nikapokea. Kisimani nilikwenda mikono mitupu, kujisifu tu.

"Mama Abasi, wewe iko na bahati," wanawake walisema. "Sisi shingo inavunjika, wewe unatembea kama bibi ya kanali."

"Ukizaa kama mimi, na wewe utatembea," nikawajibu.

Halafu akaja Poni, yule mkimbizi kutoka Sudan, mrefu, asiye na maneno mengi. Sikujua kwamba ndiye uliyekuwa ukimwangalia. Hukuniambia, na mimi sikuuliza kwa sababu nilikuwa nashughulika kuhesabiwa mwenye bahati. Alisimama mlangoni na jerikeni kichwani. Nikamwonyesha kwa kidole: "Weka pale, nyuma ya ile ya Candiru."

Akaziangalia zile jerikeni nyingine. Hakuitua yake.

"Mama," akasema, "mimi hapana panga layini."

Akageuka, akaondoka na maji yake. Nami nikamwita mwenye kiburi.

Kuanzia siku ile ulikula nusu sahani. Hukunigombeza, hukuuliza. Ulisalimu asubuhi, ukaenda kazini, ukarudi kimya. Nikafikiri ni malaria, nikakupa dawa, ukameza. Maskini mwanangu, ukameza dawa ya malaria kwa ajili ya Poni.

Ijumaa moja baada ya swala ya mchana niliingia kibandani kwa mara ya kwanza. Mlikuwa na kanda mpya ya katuni ya Wajapani, kijana wa shule na wasichana watatu wanaomgombania, macho makubwa kama ya bundi, nywele za waridi na buluu. Kijapani ulikijua kama mimi ninavyojua kurusha ndege, lakini hilo halikukuzuia. Yule wa nywele za waridi ulimpa sauti ya Candiru, pamoja na kikohozi chake. Watu waliangua kicheko. Kisha akatokea mama mmoja anafagia langoni, labda ni jirani tu, sijui. Ukampa sauti yangu mimi.

"Leteni, binti zangu, leteni. Kijana ni mmoja, lakini mapipa yangu ni matatu."

Nilicheka kuliko wote. Nilimpiga paja aliyekaa kando yangu. Ndipo nikamwona msichana wa tatu, mwenye nywele fupi, anatembea kwenye mvua na haangalii nyuma, na yule kijana amesimama, mdomo unacheza. Wewe umenyamaza. Mdomo unacheza, na wewe kimya.

"Mutafsiri," mtu akaita, "anasema nini?"

Ukasogeza kipaza sauti. "Anasema hawezi kumgombeza mama yake."

Nikatoka kabla haijaisha.

Kesho yake asubuhi nilijitwika jerikeni mimi mwenyewe. Pale kisimani wakaniuliza, "Mama Abasi, wasichana wote wamekufa?" Nikasema, "Leo msichana ni mimi." Nikapanda nayo hadi kwa mama yake Poni, mdogo kwangu kwa umri, nikapiga magoti mbele yake, watoto wake wakiangalia.

"Tangu tumefika hapa wewe hapana nisalimu hata siku moja," akasema.

"Nimeanza leo, dada."

Aliniacha chini hivyo muda mrefu, magoti yakapata mchanga. Kisha akainua ile jerikeni, akaimimina kwenye mtungi wake. Poni alikuwa nyuma ya pazia. Nilimwomba asikuambie, na ameitunza siri hii mpaka leo. Zainabu nilipomweleza kwamba mtungi umejaa alicheka tu, kumbe alishampenda fundi cherehani. Candiru hanisalimu, na ana haki.

Wewe ulizunguka mwezi mzima ukisema ni shati lako jipya lililomrudisha Poni. Nikakuacha. Kujisifu ulikurithi kwangu, ningekunyang'anyaje?

Mkaoana, na watu wake walipoanza kurudi kwao Yei ukamfuata, nami nikawaambia majirani kwamba nimekutuma. Sikukutuma, Abasi. Jioni ile sikupika.

Sasa jibu. Usiku nasikia ukimya wa nyumba, sitakudanganya. Lakini mara moja nimeshasimama katikati yako na mke wako, kwa kiburi tu. Sitasimama tena kwa upweke. Mwambie Poni amwoshe mama yake miguu bila haraka, na wewe ukate kuni zao. Kaeni hukohuko. Mvua zikipungua na barabara ikikauka, nitapanda lori hili hili nije niwaone, maana dereva nimeshamzoea na mdomo wake.

Na wakiniuliza hapa mwanangu yuko wapi, nitasema yuko nyumbani kwake. Nitalisema kwa sauti, wasikie mpaka Pajulu.

Mimi mama yako,
na mama wa pili wa Poni.