Chai ya Saa Kumi, Ghorofa ya Tatu

Jumamosi. Mawingu tangu asubuhi, ile baridi ya Nairobi inayokufanya uvae sweta juu ya sweta na bado ulalamike. Lakini moyo wangu umetulia leo, na nataka kuliandika hilo kabla sijasahau.

Mama yuko kwangu, mtaa wa Lucky Summer, tangu mwezi jana. Nilimtoa Kariobangi alipougua, sikutaka aendelee kuishi peke yake. Kila siku anasema atarudi Kitui, shambani, ambako hakuna hata mtu mmoja wa kumwangalia.

Naogopa sana akienda.

Nilianza vibaya. Nilimnunulia sufuria ndogo ya chai, ya vikombe viwili, nikijiona mjanja. Aliigeuzageuza mkononi, kisha akauliza kama huku watu hawatembeleani. Tangu siku hiyo anakunywa nusu kikombe na inayobaki anaimwaga.

Nilipaswa kujua. Nimekulia kwenye ploti ya Kariobangi, milango ikitazamana, bomba moja katikati. Saa kumi Mama aliteleka sufuria kubwa na kuacha mlango wazi, basi. Hakumwalika mtu. Mama Nekesa, ambaye mumewe alifanya kazi reli, alikuja na kikombe chake mkononi na viazi vitamu kwenye kitambaa. Wengine walifuata, kila mtu na kikombe chake. Kikombe chako kisipoonekana, mtu alikuja kukuangalia kama u mgonjwa. Sisi watoto tulikaa pembeni tukisikiliza umbea usiotuhusu, na nilifurahi kuwa pale kuliko mahali pengine popote.

Hapa nina miaka miwili, na jirani yangu namjua kwa viatu anavyoacha mlangoni.

Leo nimerudi kutoka sokoni nikakuta mlango wetu wazi kabisa. Nilishtuka, nikadhani ni wezi, au Mama ameondoka. Kumbe yuko jikoni. Amechukua sufuria yangu ya ugali akaijaza chai, na tangawizi ya kuamsha jengo zima. Nilitaka kumwambia huku watu hawaachi milango wazi. Badala yake nikaketi.

Tukangoja. Chai ikaanza kupoa. Nilimwona akiitazama korido tupu, nikamwonea huruma mpaka nikashindwa kumtazama.

Kisha yule jirani wa viatu akasimama mlangoni, mwanamke wa rika langu, kitambaa kichwani.

"Shosho, nimesikia tangawizi mpaka kwangu," alimwambia Mama, kama anayemsalimu bibi yake. "Nikachukue kikombe?"

Mama alimtazama vile anavyomtazama mtu aliyelelewa vizuri. "Enda," akamwambia. "Na ukuje na mzee wako."

Akaja naye. Anaitwa Nafula, kwao ni Bungoma, na mumewe ni dereva wa lori anayejua kila kona ya barabara ya Kitui. Mama alimhoji kama askari. Nimecheka leo kuliko nilivyocheka mwaka huu wote, na chai ilikwisha mpaka majani.

Walipoondoka, Mama akaniuliza ibada ya kanisa la huku huanza saa ngapi. Akaniuliza pia kama kuna kikundi cha akina mama.

Sijui. Miaka miwili, na sijui.

Kesho ndiyo Jumapili yenyewe. Acha nivae slipa nikapige hodi kwa Nafula sasa hivi, nimuulize.